Kiondo cha Rasiberi Kutoka Mua Hadi Kinangop

Mmeniuliza kanisani, mmeniuliza sokoni, na Mwende ameniuliza hata kwenye foleni ya maji: "Kwani huko Kinangop kulitokea nini?" Nimekuwa nikijibu "mambo mengi" na kupita, kwa sababu nikianza kueleza sauti hunipanda na watu hugeuka kutazama. Sasa nimeandika. Someni wenyewe, na mkinikuta njiani tuzungumze mengine.

Habari za kumpigia simu meneja wa ghala kutoka kibanda cha posta naziruka. Jueni haya tu. Nilipomaliza chuo nilirudi nyumbani na shahada ya kilimo cha bustani, na gunia la miche ya rasiberi kutoka shamba la majaribio ambalo lilikuwa linang'olewa. Kwa wale ambao hawajaonja, ni tunda dogo jekundu, laini kuliko nyanya iliyoiva, na ukilichuma linabaki tupu ndani kama kofia ya mtoto mchanga. Mama huyaita vikofia. Linataka baridi, na baridi tunayo huku vilimani Mua, ninyi mnaolala na blanketi mbili mnaijua. Mama alinipa matuta matatu ya juu, yale aliyokuwa akipanda mahindi. Miche ikashika. Ikazaa. Tatizo likawa hakuna mtu wa kuyala. Soko la Machakos walidhani ni dawa ya minyoo.

Kisha Krismasi akaja Mjomba Mbithi, kaka yake Mama, mwenye duka la vifaa vya ujenzi pale Masii. Yeye ndiye alinilipia karo tangu Baba afariki, kwa hiyo neno lake nyumbani kwetu halipuuzwi. Alisimama kwenye tuta, akachuma kikofia kimoja, akakitazama kama mtu aliyerudishiwa chenji pungufu.

"Hii inajaza tumbo la nani?" akaniuliza.

"Ni ya kuuza, Mjomba. Hoteli za Nairobi zinaitaka."

"Zimekuambia?"

Nikainama nikang'oa gugu. Akapangusa mkono kwenye suruali. "Mvua ya Machi ikikaribia na hujapata mnunuzi, nakuja mwenyewe na jembe. Dada yangu apande mahindi, na wewe uje Masii unipimie misumari."

Hilo ndilo nililobeba safari nzima. Si kiondo peke yake.

MUA HADI MACHAKOS

Tulichuma alfajiri, kabla jua halijagusa majani, mimi na Mama. Rasiberi ikichumwa na joto haifiki popote, na hata ikichumwa vizuri, siku ya pili inaanza kulia maji. Meneja wa ghala la matunda huko Kinangop, juu kule kupita Nairobi na Limuru, alikuwa amesema kwenye simu, "Leta sampuli tuone." Ghala lake linakusanya rasiberi za wakulima wa huko na kupelekea mahoteli. Nilikuwa na visahani sita vya plastiki vyenye matundu, nimevipanga nikavipangua, nimetoa kila tunda lenye alama. Usiku sikulala. Je, nilimwambia kwamba natoka Machakos, au nilisema tu napiga kutoka Machakos? Je, "sampuli" ni kisahani kimoja au vingi? Je, alisema "tuone" kama mtu anayetaka kuona, au kama mtu anayetaka nikate simu?

Nilitaka kubeba visahani kwenye kile kikasha cha baridi ambacho zahanati huwekea chanjo. Nesi aliniangalia mpaka nikaondoka bila kujibiwa. Basi Mama akaleta kiondo chake kikubwa cha katani, kipya.

"Mwaitu, mimi naenda kwa biashara," nikamwambia. "Siendi kumtembelea mtu aliyejifungua."

"Hatuingii kwa watu na mifuko ya karatasi kama wezi," akasema, na ikaisha hapo.

Jambo la pili lililoisha bila mimi ni Anti Nduku. Huyu ni mdogo wake Mama, anauza viazi na kabeji soko la Masii, na viazi vyake hutoka hukohuko Kinangop. Mama aliamua kwamba siendi peke yangu. Anti alifika amejifunga leso mbili, mkononi sufuria ya muthokoi yenye kifuniko kilichofungwa kwa kitambaa, mahindi yaliyotwangwa na maharagwe ya watu sita.

Tulishuka na pikapu ya Mzee Kioko, ya kubeba squash, yale maboga madogo. Mnamjua Mzee Kioko. Ni msimu wa squash, gari limejaa makreti hadi juu, na kila mteremko anasimama kumwambia mtu habari za mtu mwingine. Alisimama kwa fundi wa baiskeli, akasimama kwa mama wa maziwa, akasimama kumuuliza mtoto wa shule kama baba yake amelipa ng'ombe. Mimi nimekumbatia kiondo, jua linapanda.

"Mzee, matunda yangu yanaharibika," nikasema mwishowe.

"Hata yangu ni matunda," akasema, "na husikii yakilalamika."

Anti akacheka mpaka akashika mbavu. Hapo ndipo hasira ilianza, mapema hivyo, na Machakos hatujaiona.

STESHENI YENYE JINA LETU

Basi la kwenda Nairobi lilikaa likisubiri kujaa huku dereva anapiga honi kama mtu anayefukuza ndege. Niliweka kiondo kivulini chini ya miguu. Anti alikuwa akinyunyizia katani maji kutoka chupa kila mara, ati ibaki baridi, na mimi kila mara nikifunua kuona kama tone limeingia, maana rasiberi ikilowa inaota ukungu. Yeye ananyunyiza, mimi nafunua. Kaka mmoja aliyekaa upande wa pili akauliza, "Kwani mmebeba kuku?"

"Ni tunda la mtoto wetu," Anti akajibu, na kabla sijapata sauti alikuwa amemtolea. "Onja."

"Anti!"

"Nini? Mtu atanunua kitu hajaonja?"

"Huyu hanunui! Huyu anaenda Nairobi!"

Yule kaka akatafuna, akafumba jicho moja. "Ni tamu na ni chachu. Hii imetoka ng'ambo?"

"Imetoka Mua," nikasema.

"Mua gani?"

"Mua hii ya Machakos."

Akacheka kwa upole, kama anayemwachia mtoto uongo wake. "Dada, mimi ni wa Kithimani. Ukambani hatuna hiyo baridi."

Mtu wa Kithimani, Mkamba mwenzangu, wilaya moja! Huko Yatta kwao jua ni la kuchoma, sikatai, lakini mtu anawezaje kuzaliwa akiona vilima na asijiulize huko juu watu wanavaa nini? Nilifikiria jibu zuri kutoka Kyumvi hadi Mlolongo. Nilipolipata alikuwa amelala.

Tukashukia kwenye ile stesheni ya mabasi Nairobi ambayo yote inaitwa Machakos. Nilikuwa sijawahi kulifikiria jina hilo. Mamia ya watu wanasema "nishushie Machakos" kila siku, na wanamaanisha hapo, kwenye moshi na maganda ya machungwa. Jina letu tumewapa wakaliweka kituo, halafu hawajui tunaishi wapi. Nilimwambia Anti hivyo. Akasema nishike kiondo vizuri, kuna wezi.

LORI LA KAMAU

Anti alikuwa na mpango wake: lori la Kamau, anayemuuzia kabeji miaka mingi, ambalo hushusha mzigo soko la Marikiti na kurudi Kinangop tupu. Kamau ni mtu mnene mwenye kofia ya sufu, na alipotuona alifungua mikono.

"Mama Masii! Leo wewe ndiye unaniletea mzigo?"

"Leo tunawapelekea nyinyi matunda," Anti akasema, kifua mbele.

"Matunda ya nini? Maembe?"

"Rasiberi," nikasema.

Kamau aliangalia kiondo, akaniangalia mimi, akamwangalia Anti. "Mkamba na rasiberi wapi na wapi? Si huko kwenu mnapanga laini ya mwolyo?"

Mwolyo ni chakula cha msaada, kwa mtu asiyejua. Ukame ukija tunapanga laini, ndiyo. Nilihisi masikio yakiwaka. Anti hakuwaka hata kidogo.

"Na hizo kabeji zako hununuliwa na nani, Kamau? Si mimi nikizipeleka Masii? Kwa hivyo ukiona Mkamba ana njaa, jua njaa hiyo ndiyo imekujengea nyumba."

Wapakiaji wakapiga kelele. Kamau akacheka, akampigia Anti saluti, akaonja kikofia kimoja, kisha cha pili bila kuombwa, na tukapanda mbele. Kisahani kimoja sasa kilikuwa nusu. Nilikipanga upya ili kionekane kimejaa, nikajiuliza kama huo ni udanganyifu.

Lori tupu linapanda Limuru kama mbuzi. Nilipiga hesabu nikaona tutafika mapema alasiri, tuende ghalani moja kwa moja, matunda yakiwa ya asubuhi hiyohiyo. Lakini Kamau alikuwa na tangi la maji la plastiki nyuma, jipya, la shemeji yake wa Kimende.

"Ni kushusha tu," akasema.

Hakuna kushusha tu kwa shemeji. Kwanza tulisalimiwa. Kisha tangi likazungushwa nyumba kutafutiwa mahali, likawekwa, likaondolewa kwa sababu lilizuia dirisha la kuku. Kisha chai. Nilisema sinywi chai, na nyumba nzima ikanyamaza kama nimetukana marehemu. Nikanywa. Ikaja sahani ya mukimo, viazi vilivyopondwa na mahindi na majani ya malenge, kijani kabisa, ukubwa wa tofali. Anti naye akafungua sufuria yake ya muthokoi, na hapo ndipo tulipopotea kabisa, kwa sababu mke wa shemeji hakuwahi kuonja muthokoi akataka kujua mahindi yanavuliwaje ganda, na Anti akasimama katikati ya sebule kuonyesha kwa mikono jinsi mchi unavyopigwa.

Nilitoka nje nikakaa kwenye kivuli cha lori na kiondo mapajani. Nilikuwa karibu kulia, na kilichonizuia ni wazo kwamba chumvi ingedondokea matunda. Kamau akaja akijichokonoa meno.

"Umekasirika, msichana?"

"Matunda haya yakifika yamelainika, mjomba wangu anang'oa shamba."

Akakuna kofia. "Ungesema hivyo mapema."

"Nimesema tangu Nairobi!"

"Ulisema unaharakisha. Kila mtu anaharakisha."

Tulipopita njia panda ya Flyover ukungu ulikuwa umeanza kushuka, na tulipofika ghalani lango lilikuwa limefungwa. Askari alisema meneja ameondoka, turudi asubuhi. Nilimtazama Kamau kwa namna ambayo nadhani bado anaikumbuka.

KWA MAMA NJERI

Tulilala kwa Mama Njeri, anayemuuzia Anti viazi. Ni mjane kama Mama, mwembamba, mwepesi, ana ng'ombe wawili na, kumbe, mistari kadhaa ya rasiberi anayopelekea ghala lilelile. Anti alimkabidhi kisahani kizima mlangoni, kwa mikono miwili, kabla hata hatujavua viatu. Sikusema kitu. Nilikuwa nimechoka hata kukasirika, na kusema kweli mtu hawezi kuingia kwa mwenyeji na kiondo kilichojaa halafu akasema si chako.

Mama Njeri alishika kikofia kwenye mwanga wa taa, akakigeuza. "Ngai! Hii mmetoa wapi wiki hii?"

"Kwetu."

"Machakos?" Hakucheka. Ndiye mtu wa kwanza siku hiyo ambaye hakucheka. Akanusa, akala polepole. "Kesho nitakuonyesha yangu."

Alinitolea visahani vyote akavipanga dirishani, upande usio na moto. "Hapa ni friji ya bure," akasema. Kiondo akakichukua, akakitundika jikoni. Baridi ya usiku ule sikuwahi kuijua. Nimezaliwa Mua lakini hii ilikuwa inauma mifupa moja moja.

Asubuhi alinipeleka shambani. Nyasi zilikuwa nyeupe, zinavunjika chini ya miguu kama mkate mkavu. Rasiberi zake zilikuwa nyeusi. Machipukizi yameinama, maua yamekuwa kama karatasi iliyopitishwa motoni, na matunda machanga yamekauka palepale yalipokuwa.

"Barafu imechoma juma lote," akasema. "Hapa, kwa jirani, hadi mji wa Engineer. Ni huu mstari mmoja tu wa ukuta wa jikoni umebaki, ule unapata moshi."

Nilisimama hapo nikifikiri, na safari hii kufikiri kulinifaa. Mua ni mteremko. Hewa baridi ya usiku ni nzito, huteremka kwenda mabondeni, haikai kwenye matuta yetu. Tuna baridi ya kutosha tunda, lakini jalidi hatuna. Kinangop ni tambarare, baridi inakaa kama maji kwenye beseni. Kwa hiyo wiki ile, yule meneja na mahoteli yake, alikuwa na nini ghalani?

Nilirudi ndani mbio. Nilihamishia visahani kwenye katoni ya mafuta ya kupikia, kwa sababu Mama Njeri alikuwa bado ameshikilia kiondo. Alitukabidhi mlangoni, kimefunikwa kwa kitambaa, kizito. Kiondo hakirudi kitupu, kwao wala kwetu, na aliyepewa hafunui mbele ya aliyempa. Hiyo ni aibu. Anti akashukuru, akakibeba. Hatukufunua. Hata barabarani hatukufunua, tulikuwa tunakimbilia ghala.

LANGONI

Askari alifunua.

Ni kazi yake, simlaumu. Kila mzigo unaoingia unakaguliwa. Alitoa kitambaa, na juu ya viazi, vimepangwa vizuri, kulikuwa na visahani viwili vya buluu vimejaa rasiberi. Visahani vya buluu ni vya ghala. Hakuna mwingine mwenye navyo. Mama Njeri alikuwa ametuchumia vikofia vilivyobaki kwenye ukuta wa jikoni, vyote, na akaviweka kwenye chombo alichokuwa nacho.

Meneja akaitwa. Alikuwa kijana kuliko nilivyodhani kwenye simu, na koti la ngozi, na funguo nyingi. Alishika kisahani cha buluu kwa vidole viwili.

"Nyinyi ndio wa sampuli? Kutoka wapi?"

"Machakos," nikasema. Sauti ilitoka nyembamba. "Mua. Nilipiga simu."

"Machakos." Akaangalia katoni, akaangalia kiondo. "Na visahani vyangu vimefika Machakos kwa miguu?"

"Hivyo tumepewa. Vyetu ni hivi vya katoni."

"Mama, msinichezee. Mmepita kwa wakulima wangu usiku mkanunua, sasa mnanirudishia matunda yangu mwenyewe. Nani amewauzia? Nitajie jina, nimkate kwenye orodha leo."

Nilimfikiria Mama Njeri na mstari wake mmoja. Anti akanipita.

"Hatujauziwa. Tulilala kwa mtu, kiondo kikarudi na kitu. Wewe mama yako akipokea kiondo hukirudisha na upepo?"

Askari akageuza uso ukutani. Mabega yalikuwa yanatetemeka.

Meneja naye alijua, niliona machoni kwamba anajua, lakini hakuwa tayari kushindwa na kiondo. "Sawa, hivyo mmepewa. Na haya mengine? Mnataka niamini yameota Ukambani? Ukambani ni jangwa. Huko ni mbuzi na mwolyo. Rasiberi inataka baridi, mama, haya mambo yamesomewa."

Yamesomewa. Alisema hivyo mbele yangu.

Sijui niwaelezeje kilichotokea. Mnanijua, mimi ni mtu wa kufikiria jibu kutoka Kyumvi hadi Mlolongo. Lakini siku hiyo lilikuja lenyewe, kwa sauti ambayo watu wa ng'ambo ya barabara walisikia.

"Basi nionyeshe shamba moja! Shamba moja tu huku lenye matunda kama haya wiki hii! Nimetembea kwenye nyasi nyeupe asubuhi, nimeona. Weka cha buluu hapa, weka changu hapa. Hiki ni kidogo, kimegeuka kahawia upande. Hiki kimejaa. Haya, niambie nimeiba kwa nani. Nani huku ana kitu cha kuibiwa? Fungua ghala lako tuone kama liko na hata kisahani kimoja!"

Hakufungua. Askari aliacha kucheka. Jenereta ya ghala ilikuwa inavuma kupoza chumba ambacho, nadhani, hakikuwa na kitu.

Meneja alichukua kikofia changu, akakipasua, akatazama ndani, akala. Akachukua kingine. Uso wake ulibadilika ukawa wa mfanyabiashara, na huo ulinichukiza zaidi.

"Mnaweza kutoa kiasi gani kwa wiki?"

Nikamwambia.

"Nitachukua. Van yangu inashuka Nairobi mara mbili kwa wiki, mtaikuta stesheni ya Machakos, na makreti yenu. Lakini jina litakuwa Kinangop. Wateja wanajua Kinangop. Nikiwaambia Machakos watafikiri nimewaletea maembe."

Anti alinikanyaga mguu. Alikanyaga kweli, na viatu vya kwenda kanisani. "Kubali," akanong'ona kwa Kikamba. "Jina halipikwi."

Nilijua matuta ya Mama yalikuwa yananing'inia hapo. Nilimwona Mjomba na jembe. Niliona misumari ya inchi mbili na ya inchi tatu. Na bado nikasema, "Makreti yetu yataandikwa Mua, Machakos. Au utafute kwingine."

Meneja akalamba vidole. "Andika unachotaka," akasema, akageuka na funguo zake. Nilidhani nimeshinda.

KURUDI

Njia yote Anti hakunisemesha mpaka Limuru. Hapo akasema, "Ungetupotezea soko," kisha akasema, "Lakini ulimpiga vizuri," kisha akala mahindi ya kuchoma bila kunipa.

Mama alilia kidogo, akamenya viazi vya Mama Njeri. Mjomba alikuja Jumapili, akasikia kuna mnunuzi, akasema "mm", akatutengenezea makreti ya mbao dukani kwake kwa vipande vilivyobaki. Jembe alikuja nalo, niliona nyuma ya gari. Hakulitumia, lakini pia hakulirudisha Masii. Aliliegemeza kwenye ghala letu la mahindi, mahali nitakapoliona. Nikaandika MUA, MACHAKOS kwa kalamu nene kila upande. Tukapeleka mzigo wa kwanza stesheni, van ikaja, ikachukua.

Safari ya pili dereva wa van alitushushia makreti matupu. Kila upande, juu ya maandishi yangu, kulikuwa na karatasi ya kijani inayong'aa imegandishwa kwa gundi: Rasiberi Bora za Kinangop.

Nilibandua moja kwa kucha pale stesheni, na maandishi yangu yakatoka nayo. Yaani hata wino aliuondoa. Nilirudi nyumbani na makreti nikayatupa uani, nikamwambia Mama sipeleki tena matunda, acha yaoze, acha yang'olewe. Mama akasema mnunuzi ni mnunuzi. Anti akasema aliniambia. Mjomba, aliyekuwa amekuja kuona biashara inaendaje, aliokota kreti, akasoma ile karatasi polepole.

"Kwa nini ameficha?"

Sikuwa nimemweleza yote. Nilikuwa nimeona haya. Sasa nikamweleza: Ukambani ni jangwa, mbuzi na mwolyo, haya mambo yamesomewa.

"Alisema nini?"

Nikarudia.

Mjomba wangu, aliyekichukia kikofia tangu siku ya kwanza, alikaa kwenye jiwe la kunolea akashika magoti. "Mimi nimelala Mua nikiwa mtoto," akasema. "Tulikuwa tunalala wanne kwa blanketi moja. Nilitoka kidonda cha baridi hapa." Akaonyesha sikio. "Jangwa?"

Kisha akaenda kwenye gari, akarudi na vipande vya nondo, vile vyuma vya kujengea. Akakunja ncha kwa nyundo juu ya jiwe, herufi moja, nondo nyingine, herufi ya pili, ya tatu. Akaviingiza kwenye moto wa Mama wa kupikia maharagwe mpaka vikawa vyekundu kama matunda yenyewe. Alichoma kreti la kwanza yeye mwenyewe, kama anavyochomwa ng'ombe alama. Moshi ukapanda, mbao ikalia. MUA. Nikachukua nondo nikachoma yaliyobaki, pande zote nne, ndani na nje, na kwa nguvu zaidi ya zilizohitajika.

Ijumaa Mjomba alifunga duka akatupeleka Nairobi na gari lake. Dereva wa van alipokuja kupakia aliinama, akapitisha kidole kwenye herufi. Kidole kilizama.

"Hii haibanduki," akasema.

"Haibanduki," nikasema.

Alikuna shingo, akaangalia saa, akaangalia van tupu. Mahoteli yalikuwa yanangoja. Akaanza kupakia, kreti kwa kreti, na alipofunga mlango akauliza, "Sasa nimwambie meneja nini?"

Mjomba alikuwa tayari amepanda gari. Alitoa kichwa dirishani, katikati ya ile stesheni yenye jina letu.

"Mwambie jangwa linamsalimu."